Wifi yangu anasema sisi mama wa nyumbani ndo tunawarudisha wanawake nyuma, ni kweli?

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Chikongola, hapa Mtwara mjini, ujumbe wake ni mrefu kwahiyo naufupisha. Ana watoto watatu, mkubwa yuko darasa la tatu na wa mwisho hajatimiza miaka miwili. Zamani alikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaacha miaka minne iliyopita alipojifungua wa pili, dada wa kazi alienda kwao Tandahimba msimu wa korosho akawa ndo karudi moja kwa moja, mama yake mzazi yuko Newala, na bosi akamwambia achague moja, kazi au mtoto. Sasa anashinda nyumbani, asubuhi anakaanga bagia anauza mlangoni, msimu ukifika anaenda Newala kuokota korosho kwenye mikorosho ya mume wake. Wifi yake ni nesi kwenye hospitali ya binafsi, na juzi kwenye arobaini, mbele ya watu, akamwambia "nyie mnaokaa nyumbani ndo mnaturudisha nyuma, sisi tunapigania usawa nyie mnasubiri kuachiwa elfu kumi mezani". Anauliza, hii feminizimu, yani harakati za kutetea usawa wa wanawake, ni ya walioajiriwa tu au na yeye ina nafasi yake, na kama anayo, inamsaidia nini, maana maneno anayasikia redioni lakini pampasi hainunuliwi kwa maneno.

Mdogo wangu, katikati ya ujumbe wako kuna sentensi moja umeiandika kwa kupita tu, na mimi ndo nimeng'ang'ania hapohapo. Umeandika "hata mtoto wake mwenyewe wa miezi saba anashinda kwangu siku akiwa na shifti". Umeipita hiyo sentensi ukaendelea kulalamikia maneno ya arobaini, lakini jibu lako lote liko humo. Wifi yako akiingia shifti, anaingia kwa sababu wewe umebaki. Mshahara wake ukisoma tarehe 25, ndani yake kuna masaa yako, kuna uji uliompikia mtoto, kuna usingizi uliombembeleza, na hakuna sehemu yoyote masaa hayo yameandikwa, si kwenye payslipu yake si kwenye daftari lako. Na yeye sidhani kama ni mtu mbaya, yani kasema neno baya lakini nikifikiria nesi mwenye mtoto wa miezi saba anayeamka saa kumi alfajiri, naona mtu aliyechoka anamrushia aliyechoka mwenzie.

Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, nimefanya kazi Lindi nikahamia Mtwara, na hili jambo nalijua kwa mwili wangu kabla ya kulijua kwa vitabu. Mtoto wangu wa pili akiwa na miezi minne mkuu wangu wa kazi wa wakati huo alinipangia safari za vijijini wiki nzima, nikawa nakamua maziwa kwenye choo cha nyumba ya wageni nayamwaga, huku mtoto amebaki Mitwero kwa dada yangu ambaye ni mama wa nyumbani kama wewe. Ripoti ile ilisifiwa na jina lililosomwa lilikuwa langu. Dada yangu alimlea mwanangu miezi mitano na hakuna mtu hata mmoja aliyemuita mfanyakazi, na mimi nikiwemo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Hayo mawazo ya wifi yako kwamba ukombozi ni kutoka nyumbani kwenda ofisini yana kwao. Marekani miaka ya 1960, baada ya Betty Friedan kuandika mwaka 1963 kuhusu wanawake wa tabaka la kati waliosoma kisha wakafungiwa kwenye nyumba nzuri za pembeni ya miji, wengi walielewa kwamba dawa ni moja, toka nje ukafanye kazi. Kwa wale wanawake ilikuwa dawa kweli, sibishi. Lakini wanawake weusi wa hukohuko, kina bell hooks (mwenyewe alitaka jina lake liandikwe kwa herufi ndogo), wakauliza mbona sisi mama zetu walikuwa wanafanya kazi siku zote, tena kwenye majiko ya hao hao wanaolia kufungiwa, kwahiyo kutoka nyumbani peke yake hakujatukomboa, na wengi wetu tungetamani hata tupate muda wa kukaa na watoto wetu. Hiyo hoja mimi naiona iko karibu na Newala kuliko ile ya kwanza. Huku kwetu mwanamke wa "kukaa tu nyumbani" nimemtafuta sijamuona. Nimeona anayepalilia mikorosho na mtoto mgongoni, anayeokota, anayechambua zilizooza na nzima, anayetwanga muhogo, anayekaanga pweza jioni, alafu akija mtu wa kuhesabu watu akauliza kazi yako nini anajibu "mama wa nyumbani", na anaandikwa hivyo.

Na historia yetu wenyewe inamkana wifi yako. TANU ilipoanzisha sehemu ya wanawake mwaka 1955 na Bibi Titi Mohamed akaiongoza, waliojaza ile mikutano hawakuwa makarani wala walimu, wengi wa mwanzo walikuwa wanawake wa mjini wasiosoma sana, wauza maandazi, wapika pombe, waimbaji wa ngoma kama lelemama, na Bibi Titi mwenyewe alikuwa muimbaji. Kadi za chama walinunua kwa hela za maandazi. Kwahiyo mtu akikwambia muuza bagia hana nafasi kwenye kutetea wanawake, mwambie hiyo nafasi waliijenga wauza maandazi.

Halafu kuna suala la hesabu, na hapa naomba wifi yako naye asome. Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 2018 lilitoa ripoti kwamba kazi za kulea na kuhudumia nyumba bila malipo, wanawake wanabeba asilimia 76.2 ya masaa yake dunia nzima. Asilimia hiyo ina aliyeajiriwa na asiyeajiriwa ndani, maana aliyeajiriwa akirudi saa kumi jioni anaanza upya na jiko. Iceland waliipima kwa vitendo. Tarehe 24 Oktoba 1975 karibu asilimia 90 ya wanawake wa nchi ile walisimamisha kila kitu siku nzima, ofisini na nyumbani, maofisi yakafunga, simu hazikupokelewa, kina baba wakaenda na watoto kazini, na soseji zikaisha madukani kwa sababu ndo kitu rahisi baba alichoweza kupika. Waliogoma siku ile walikuwa makarani na mama wa nyumbani pamoja, na kama wangegoma upande mmoja tu nadhani mambo yangeenda kama kawaida, upande mwingine ungebeba. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya usawa na mwaka 1980 wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir kuwa rais.

Bas nimesema hivyo, sasa hela na haki.

Mambo ya wifi yako nayaanza mimi ingawa hujaniuliza, kwa sababu ukimsaidia yeye unajisaidia wewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 kama ni mapacha, na akishajifungua mwajiri haruhusiwi kumpanga usiku, yani kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, kwa miezi miwili, na muda huo unaongezeka daktari akithibitisha kwamba afya ya mtoto inadai. Akirudi kazini ana haki ya masaa yasiyozidi mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Umeniambia mtoto anashinda kwako na maziwa ya kopo. Ananyonya saa ngapi? Muulize wifi kama masaa mawili anapewa, maana nimekutana na wengi hawajui hata kama yapo, na wengine wanajua wanaogopa kusema. Chikongola na huko anakofanya kazi si mbali, akija saa saba mchana kwako akamnyonyesha akarudi, mtoto kashiba, kopo moja limeokolewa, na yeye kamuona mwanae mchana.

Nakiri sheria hiyo ina tundu kubwa. Nimekaa na kina mama wanaobangua korosho kiwandani wanaolipwa kwa kilo, wakaniambia dada hayo masaa mawili tukiyachukua kilo zinapungua, kwahiyo haki tunayo ila tunailipia wenyewe. Sikuwa na jibu la kuwapa zuri siku ile na leo pia jibu langu ni kwamba wakadai kwa pamoja, mmoja mmoja wataambiwa kesho usije. Na mkataba wa ILO namba 183 wa mwaka 2000 unasema likizo isipungue wiki 14, sisi siku 84 ni wiki 12, kwahiyo hata hapo bado kuna la kudai. Ila jambo moja zuri limefanyika mwaka 2025, sheria imerekebishwa ili mama aliyejifungua njiti, yani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aongezewe muda, na hilo lilidaiwa muda mrefu, maana akina mama walikuwa wanakaa na njiti hospitalini huku likizo inakatika.

Kwa upande wako wewe, yule bosi aliyekwambia uchague, alikosea, sheria hiyohiyo inasema ujauzito si sababu halali ya kumuondoa mtu kazini, na mama aliyetoka kujifungua ana likizo yake kama nilivyosema. Malalamiko ya kuachishwa yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30, na zako zimepita zamani sana. Nakwambia ili umwambie mwingine, siku 30 ni chache mno kwa mtu mwenye kichanga na zinapita wakati bado unaoga maji ya moto.

Sasa mikorosho. Hapa ndo nataka ukae chini unisome polepole. Umeandika "mikorosho ya mume wangu". Umepalilia miaka mingapi? Nani anaokota? Korosho huku zinauzwa kwa stakabadhi ghalani tangu mwaka 2007, mzigo unaenda AMCOS, yani chama cha ushirika cha wakulima, unaenda ghala kuu, unapigwa mnada, na hela inaingia kwenye akaunti ya benki ya mkulima aliyeandikishwa. Aliyeandikishwa. Kwahiyo kama jina ni la mume peke yake, kisheria mbele ya AMCOS wewe hujawahi kuokota hata korosho moja. Nimeshuhudia mama wa kijiji kimoja upande wa Nanyamba, mume kafariki mwezi wa tisa, mzigo ukauzwa mwezi wa kumi na moja, hela ikakaa benki mpaka mirathi ifunguliwe, na yeye aliyeokota kila punje akawa anakopa mchele. Akakopa kwa watu wa kangomba mwishowe, wale wanaonunua korosho kwa magendo, akaahidi korosho za mwaka unaofuata kwa bei ya kutupa. Ongea na mume wako, kwa upole na kwa wakati mzuri, mikorosho kadhaa iandikishwe kwa jina lako, ufungue akaunti yako, nawe uwe mwanachama wa AMCOS unayekaa kwenye kikao na kuuliza makato. Usiogope kuambiwa umeanza mambo ya kizungu. Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, sisi wote watu wa ukoo wa mama, mwanaume ndo alikuwa anahamia ukweni na mtoto alihesabiwa kwa mama yake. Mikorosho ilipokuja kuwa zao la hela aliyepanda mti ndo alihesabiwa mwenye mti, na waliopanda wengi walikuwa wanaume, ndo hapo mambo yalipogeuka. Ukidai jina lako kwenye mikorosho unarudi kwa bibi yako tu.

Na hapohapo kwenye ukoo wa mama kuna jambo jingine. Wifi ni dada wa mume wako, kwahiyo mume wako ndo mjomba wa huyo mtoto wa miezi saba. Kwa mila zetu mjomba ndo mtu mzito kwa mtoto, ndo anayeulizwa. Mbona basi ulezi wa mtoto wa dada yake umekuangukia wewe mke wa mjomba, na mjomba mwenyewe akitoka kibarua bandarini anaoga anaenda barazani? Sisemi umgombeze. Mwambie tu kwamba jioni yeye ndo ambebe mpwa wake nusu saa wewe upike, au aende yeye kumchukua mkubwa shule. Sheria kwa kawaida inampa baba likizo ya siku tatu tu mtoto akizaliwa, kwahiyo kinachobaki mnakipanga wenyewe ndani ya nyumba.

Kuhusu ndoa yako, na naomba usisome kama nakutabiria mabaya, kila mwanamke anatakiwa ajue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka mume amtunze mke, na wale Waislamu mnajua dini ilishasema hivyo kabla, na mali ya mke ikabaki yake, Bi Khadija, mke wa Mtume, alikuwa mfanyabiashara na hakuna aliyemuona kapungukiwa uanamke. Nyumba mnayoishi kama familia mume hawezi kuiuza bila ridhaa yako. Na ndoa ikivunjika, mahakama inagawa mali mliyochuma kwa nguvu za pamoja. Zamani watu walikuwa wanabishana kama kupika na kulea ni nguvu, mpaka mwaka 1983 Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Jaji Mkuu Nyalali akasema kazi za mke nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Watu wakisimulia kesi hii wanaishia hapo, mimi namalizia, Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, mahakama iliona kwamba hela za mume alizokabidhiwa kwa ajili ya mambo ya familia alizitumia vibaya. Kwahiyo haki ipo na ushahidi unatakiwa. Nunua daftari la mia tano, andika. Bagia za leo zimeingiza shilingi ngapi, zimenunua nini, bati mlizoongeza mwaka jana elfu arobaini ilitoka kwako, risiti weka kwenye bahasha. Hilo daftari halimtishi mtu mwema, na litakusaidia hata kwenye mkopo.

Mkopo sasa. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Inaenda kwa kikundi, watano mnatosha, mnasajiliwa na mnapita kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Usiende kwa wakopeshaji wa riba kubwa, wale wa kausha damu, kabla hujafika hapo, nakusihi, nimeona makochi yanabebwa mchana kweupe watoto wanaangalia.

Na biashara ya kuombea mkopo unayo tayari, ingawa wewe umeandika bagia. Mtaani kwako kuna manesi, kuna walimu, kuna wauza samaki wanaowahi feri ya Msangamkuu, wote wanatafuta mtu wa kumuachia mtoto, mtu wanayemjua vizuri na si kwa jina tu. Wewe unalea wanne sasa hivi na hakuna aliyeungua moto. Mkijikusanya watano mkatafuta nyumba yenye ua, mkaenda ustawi wa jamii wakawaelekeza usajili wa kituo cha kulelea watoto mchana, maana bila kusajiliwa si halali, wakaja kukagua choo na maji na idadi ya walezi, hapo ndo kazi uliyokuwa unaifanya kimya inapata jina na bei. Hiyo kwangu ndo feminizimu inayonunua pampasi. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania imeridhia, inazitaka nchi zitambue thamani ya kiuchumi ya kazi ya mwanamke nyumbani, na wakati serikali inaendelea kutambua, nyie mnaweza kuanza kutoza.

Usisahau yule dada wa kazi wa Tandahimba. Mkifungua kituo mkaajiri binti, huyo naye ni mfanyakazi, ana mshahara wa kima cha chini, ana siku ya mapumziko, na siku akibeba mimba zile siku 84 ni zake pia. Nimeona wanawake wengi wakijikomboa kwa mgongo wa binti wa miaka 16 na wakaita hiyo maendeleo. Naomba isiwe hivyo kwenu.

Kwa wifi, usimjibu maneno ya arobaini, mpe hesabu. Siku akija kumchukua mtoto mkalishe, mpe chai, mwambie "wifi, mwezi uliopita huyu kashinda hapa siku 18". Mtaje kiasi, hata kama ni elfu mbili kwa siku, au akuingizie kwenye mchezo wenu wa kila wiki, au siku zake za off awachukue wa kwako wewe uende Newala kwa mama. Chochote mtakachokubaliana kiandikwe kwenye lile daftari. Akikataa kulipa basi ajue mapema kwamba na wewe una siku ambazo hutakuwepo, na useme bila hasira.

Ofisi ya kata iko wazi Jumatatu mpaka Ijumaa. Nenda mapema kabla watu hawajajaa, ulizia fomu za kikundi na ulizia pia AMCOS lini wanahuisha taarifa za wakulima, na kama siku hiyo wifi yako hana shifti mwambie mwende wote.